Miaka 18 ya mutoto haingoje Kinshasa

Wandugu wa Goma, wa Bukavu, na wa kila fasi kwenye familia imegawanyika,

Kila wiki kuko mama ao kijana anatuuliza neno moja: "Bwana yangu iko Ubelgiji, mimi na watoto tuko hapa. Visa ya kuenda kuishi naye tunaanzia wapi?" Wengine kati yetu hawapendi hilo swali. Wanasema sisi tunapigania Congo ambayo mutu hatahitaji kuikimbia, sasa namna gani tuanze tena kufundisha watu njia ya kutoka? Tumebishana sana juu ya hiyo. Haya njo tunayofikiri leo.

Kwanza tusichanganye mambo. Visa ya kutembea, ile ya siku 90, ni kitu kingine. Hapa tunaongelea visa ya muda mrefu, ya aina ya D, ambayo muke, bwana ao mutoto anaomba ili aishi na mutu wake ambaye tayari iko kule kwa haki. Kwa Ubelgiji inafuata sheria ya tarehe 15 Desemba 1980, na juu yake kuko agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2003. Haiko zawadi, haiko tombola. Ni haki yenye masharti: yule aliye kule aonyeshe nyumba ya kutosha, bima ya afya na mapato ya kudumu, na familia ionyeshe kwa makaratasi kama ni familia kweli. Mwenye kupewa ukimbizi anasamehewa masharti ya franga kama familia yake inaomba mapema.

Masharti ya kule tunaweza kuyalalamikia siku nzima, na mwaka 2025 Ubelgiji iliyakaza tena. Lakini sisi hatupige kura Bruxelles. Kinachotuuma zaidi ni kwamba dosie mingi zinakufa mbele hata mutu wa Bruxelles azifungue. Zinakufia hapa kwetu.

Dosie ya mutoto inaanza na cheti cha kuzaliwa. Sheria yetu inasema mutoto aandikishwe ndani ya siku 90, na ni bure. Mukisoma hivyo munaweza kusema kazi imekwisha. Kumbe uchunguzi uliofanywa inchini mwaka 2017 na 2018 ulikuta kwamba karibu watoto 4 tu kwa 10 wenye chini ya miaka 5 njo walikuwa wameandikishwa. Mama anatoka maternite na ile karatasi ndogo ya muganga, anaiweka mu Biblia ao chini ya godoro, anajua ameshamaliza. Hakuna aliyemwambia kama ile haiko cheti. Na yule anayejua, anafika ofisini, anakuta "bure" iko na bei: franga ya formu, franga ya mutu wa mashini, franga ya kalamu ya mukubwa.

Siku 90 zikipita, inakuwa lazima kupitia tribinali ili hukumu isimame mahali pa cheti. Dada mmoja wa timu yetu, mwenye lisansi kama sisi na bila kazi kama sisi, alikimbilia hukumu ya mutoto wake karibu mwaka muzima. "Mama, rudi Jumatano." Jumatano muandishi hayuko. Jumatano ingine muhuri hauko. Alipoipata, jina la mutoto lilikuwa limeandikwa na R mahali pa L. Kwetu hiyo ni kitu kidogo, tunacheka tu. Kwa mutu anayesoma dosie kule mbali, hao ni watoto wawili.

Na hata jina likiandikwa vizuri, kuko shida yetu ya kweli: Mukongomani hapashwe kumupa mutoto jina la baba. Anaweza kumupa jina la babu, la shangazi, la siku aliyozaliwa. Baba anaitwa hivi, watoto watatu wanaitwa vile, kila mutu na lake. Ni utajiri wetu, hatutaki kuuacha. Ila juu yake cheti kinabeba muzigo wote, juu jina peke yake halionyeshe kitu. Cheti kikiwa na mashaka, familia inapelekwa kwa kipimo cha damu, na inalipa yenyewe.

Muji wetu uko na sababu zingine tena. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikala nyumba na kila kitu kilichokuwa ndani, na tarehe 22 Mei 2021 ikala zingine. Halafu makambi: Kanyaruchinya, Bulengo, na zingine zilizobomolewa mwaka 2025. Watoto wangapi walizaliwa chini ya zile hema, na nani alipita na kitabu cha kuwaandika? Na mutoto aliyezaliwa Goma kisha Januari 2025, cheti chake kinasainiwa na nani, na nani mu ofisi ya Kinshasa atakubali hiyo sahihi? Sisi hatujasikia mukubwa hata mumoja, wa hapa ao wa kule, akijibu hilo swali wazi. Kila upande unaongea ardhi. Mutoto haongelewe.

Tuseme sasa karatasi imepatikana. Lazima ithibitishwe kwenye Wizara ya Mambo ya Inje, kisha ubalozi. Yote Kinshasa. Kutoka Goma hakuna barabara ya kufika kule, na uwanja wa ndege wetu umefungwa tangu Januari 2025. Kwa hiyo mama mwenye watoto anavuka mpaka, anatembea hadi Kigali ao Kampala, anatafuta ndege ya kupitia Nairobi ao Addis-Abeba, ili afike mu capitale ya inchi yake mwenyewe. Kigali iko karibu, ndiyo, lakini Rwanda ilikata uhusiano na Ubelgiji mwezi wa Machi 2025. Ubalozi wa Ubelgiji wa pale hauko tena. Na huyo mama atalipa na nini? Benki zilifungwa Goma tangu vita ilipoingia.

Hapa njo tunaomba musome polepole. Mwaka 2020 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, mu kesi iliyotoka Ubelgiji, ilisema kwamba umri wa mutoto unahesabiwa siku ombi linawekwa, haiko siku ya jibu. Ni hukumu nzuri: mutoto akiomba na miaka 17, kuchelewa kwa serkali hakumunyimi haki. Ila muone upande wake mwingine. Kila mwezi tunaopoteza mbele ya kuweka ombi, hakuna mahakama itakayoturudishia. Mutoto anayetimiza 18 akingali anangoja muhuri Goma anatoka mu hesabu kama mutoto. Wadogo zake wanaenda na mama yao, yeye anabaki. Tunajua vijana wa namna hiyo, wanalala peke yao mu nyumba ambayo zamani ilikuwa na watu sita.

Na kuko hukumu ingine, ya tarehe 18 Aprili 2023, ambayo watu wetu wachache sana wanaijua. Mama mumoja wa Siria alikuwa Afrin na watoto wawili, baba yao mukimbizi Ubelgiji. Vita ilimuzuia kufika kwenye ubalozi wowote. Ubelgiji ikasema lazima aje yeye mwenyewe kuweka ombi. Mahakama ikajibu hapana: kama kufika haiwezekane ao ni nguvu kupita kiasi, hamuwezi kumulazimisha ajionyeshe siku ya kuomba, ataitwa nyuma, wakati wa kukamata alama za vidole. Sasa sisi tunauliza: Goma iko na tofauti gani na Afrin? Kwa mukimbizi, lile agizo la 2003 linasema hata zaidi: ombi halipashwe kukataliwa juu tu karatasi hazipo. Lazima waangalie ushahidi mwingine.

Kwa hiyo kwa wandugu wetu wanaosema tunasaidia watu kukimbia: mama huyu hakimbii mapambano. Anaomba kulala nyumba moja na bwana yake. Na ofisi inayomukatalia cheti njo ileile inayomukatalia jirani yake kuandikisha mutoto kwa masomo. Tukiacha hii vita ya makaratasi kwa makomisioneri, wao watauza vyeti vya uongo, na cheti cha uongo kikikamatwa, familia nzima inaitwa wongo kwa miaka.

Tunaomba ubalozi wa Ubelgiji utangaze wazi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, namna mutu wa Goma na wa Bukavu anaweza kuweka ombi bila kufika Kinshasa. Tunaomba serkali ya Kinshasa iseme itafanya nini na vyeti vya watoto waliozaliwa huku tangu Januari 2025, na ifungue njia ya kuthibitisha karatasi bila mutu kupanda ndege. Wale wanaoshika ofisi za muji leo, tunawaomba wasigeuze cheti cha mutoto kuwa biashara.

Na nyinyi wazazi wenye mutoto wa miaka 16 ao 17: msingoje jibu lao. Yule aliye kule atafute avoka anayejua hiyo hukumu ya 2023 na aandike kwa ubalozi wiki hii, hata kama karatasi moja inakosekana. Muchunge nakala ya barua na tarehe yake.