AFYA YA NYUMBANI: Mama Mwenye Kisukari na Sindano ya Kichomi



Mwezi huu twajibu barua ya mwalimu mmoja wa shule ya kijijini. Mama yake ni mtu mzima, naye ana ugonjwa wa kisukari miaka mingi. Mganga wa hospitali amemshauri achanjwe, asipatwe na homa ya mafua wala na kichomi, yaani nimonia. Mama amekataa. Asema, "Ugonjwa wangu ni wa sukari, si wa kifua, tena vidonda vyangu haviponi upesi. Mbona nijitie kingine?" Mwalimu auliza, amjibuje?

Mama huyo hakusema upuzi. Mwenye kisukari yampasa kuogopa vidonda, hasa vya miguu. Walakini tundu la sindano si kidonda cha namna ile. Wako watu wajichomao insulini kila siku, wengine mara nne, wala hawaozi mikono. Yamkini akumbuka chanjo ya ndui, iliyovimba, ikatunga usaha, ikaacha kovu. Desturi ile ilikoma, na ndui ikatangazwa mwaka 1980 kuwa imetoweka duniani. Neno chanjo limebaki, bali kazi yenyewe imebadilika.

Na kuhusu kifua, sikilizeni. Ndani ya damu zimo chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Sukari ikizidi, askari hawa huwa wazito. Hawamfikii adui upesi, wala hawampigi sawasawa. Vijidudu vya kichomi hukaa mara nyingi puani na kooni mwa watu wazima na watoto pasipo kuwadhuru; ila mafua yakiisha kuudhoofisha mwili, hushuka mapafuni. Tena homa yenyewe huipandisha sukari, hata kama mgonjwa hajala kitu, na sukari ikipanda askari hulegea zaidi. Katika maradhi ya UVIKO, yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2019, wenye kisukari walikuwa miongoni mwa waliolemewa sana.

Hapa nina neno la kusema kwa nguvu. Nyumba nyingi husema, "Leo hali chakula, basi asichome insulini." Kosa hili huua! Atumiaye insulini asiiache siku ya homa. Apimwe sukari, apelekwe kwa mganga upesi, aambiwe kipimo. Mwenye vidonge naye aulize.

Wako wasemao kwamba chanjo hizi ni mambo ya Ulaya, hazituhusu. Si kweli. Zamani vijana wengi kutoka Nyasa na Msumbiji walikwenda kuchimba dhahabu karibu na Johannesburg, na kichomi kiliwaua kwa wingi ndani ya mabweni yao. Mwaka 1911 mganga Almroth Wright alitoka London akawajaribia chanjo. Haikufaa sana, kwa kuwa jamii za vijidudu hivyo zilikuwa hazijajulikana bado. Katika miaka ya 1970 chanjo nyingine ilijaribiwa tena kwa wachimbaji wa huko, nayo ikafaa. Mwaka 1977 ikapewa kibali Marekani, ikiwa na jamii 14, na mwaka 1983 ikatoka yenye jamii 23. Bei yake ililipwa na vijana wa Kiafrika. Kwangu mimi ni ajabu wazee wetu wakose matunda yake.

Sindano ya mafua hurudiwa kila mwaka, maana kirusi chake hugeuka-geuka. Nacho katika sindano kimekwisha kuuawa, hakiwezi kuleta mafua. Ile ya kichomi haichomwi kila mwaka, mganga atasema. Mkono utauma, pengine na homa kidogo siku moja au mbili, na sukari yaweza kupanda kidogo. Si kila zahanati iliyo nazo kwa watu wazima, na mahali pengine hulipiwa. Afadhali kuuliza mapema na kuweka akiba.

Wengine huona ni kupungukiwa na imani. Hao hao husali jioni, kisha hufunga mlango kwa komeo.

Bado jambo moja. Watoto wachanga huchanjwa kichomi bure: Kenya ilianza mwaka 2011, na Tanzania ikafuata baada ya muda mfupi. Huko Kilifi waganga waliona ya kuwa ugonjwa ulipungua hata kwa wasiochanjwa, kwa kuwa watoto hawakuvichukua tena vijidudu vile kama kwanza. Bibi hukingwa na mjukuu.

Basi, mwalimu, mpeleke mama asubuhi, akiwa amekula na kutumia dawa yake, mwende na kadi yake ya kliniki. Na yule mjukuu alalaye naye, tazama kadi yake pia, kama sindano zake zimetimia.