Kutaka Mutoto Bila Tamaa ya Mwili

Wewe kijana, na wewe muzazi, leo tuongee bila haya. Mu jamaa zetu watu wanasemaka: "Olewa tu, tamaa itakuja nyuma." Kuko wenye haikujia hata kidogo. Hawakurogwa, na hawachukii watu. Hawasikii tu tamaa ya kulala na mutu, mume ao muke. Wanaitwa aseksuali. Mu mwaka 2004, Anthony Bogaert, mwalimu wa universite katika Kanada, alichunguza majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza. Karibu mutu 1 kwa 100 alisema hajasikia hata siku moja tamaa kwa mutu yeyote.

Usichanganye ile na utasa. Aseksuali anaweza kuwa na mwili muzima wa kuzaa, na kutamani mutoto sawa wewe. Lakini kama tamaa ilikuwako, ikapotea gafula nyuma ya ugonjwa ao dawa, uende kwa dokta.

Sasa utakuwa muzazi namna gani? Kuko bwana na bibi wenye wanapatana kukutana juu ya kupata mutoto tu. Inawezekana, kama kila mumoja amekubali mwenyewe. Basi umwambie muchumba ukweli mbele ya mahari, hapana nyuma. Ukimuficha, atazani humupendi, na mutoto atakomalia mu nyumba ya machozi.

Kuko njia ingine. Mu Marekani, David Jay, aliyeanzisha mu 2001 ushirika AVEN wa watu aseksuali, amekuwa mbele ya sheria muzazi wa tatu wa mutoto wa rafiki zake, bwana na bibi. Sheria ya California inaruhusu vile tangu 2014. Huku kwetu Kongo, Sheria ya Jamaa ya 1987 inakubali upokee mutoto mbele ya tribinali awe wako, bila kukata undugu wake na jamaa yenye ilimuzaa. Na hata bila karatasi, nani mu kambi ya wafanyakazi hajui mama mukubwa aliyelea watoto wa dada yake mpaka wakaoa?

Wazazi, ileile Sheria inaomba wachumba wenyewe wakubali ndoa. Binti akisema hapana, musimusukume juu ya kutafuta wajukuu. Mumuite, mumuulize, mumusikilize mpaka mwisho. Na ninyi, mu nyumba yenu munasemaje?