Kiu Si Kosa la Mwenye Kiu

Wanafunzi wapendwa,

Katika mdahalo wa kidato cha nne juma lililopita, mmoja wenu alitoa hoja iliyopigiwa makofi mengi: kwamba anayechagua kuishi penye ukame hana haki ya kudai maji, na ahamie penye mto. Sikujibu siku ile kwa sababu kengele ililia. Najibu leo, tena bila upole, maana hoja hiyo imewahi kutamkwa na jaji mahakamani, na watu wakazidi kukaa na kiu kwa sababu yake.

Mahali penyewe ni jangwa la Kalahari, nchini Botswana. Mwaka 1961, wakati wa utawala wa Waingereza, ilitengwa huko hifadhi ya wanyamapori yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 52,000. Ndani yake waliishi Wasani, ambao Botswana huwaita Basarwa, watu waliokuwapo kabla ya hifadhi, serikali na mipaka. Pale Mothomelo palikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa na kampuni ya utafiti wa madini katika miaka ya 1980. Kampuni ilipoondoka, kisima kikawa tegemeo la wakazi. Mwaka 2002 serikali iliwahamisha, pampu ikang'olewa, kisima kikazibwa.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba waliondolewa katika ardhi yao kinyume cha sheria. Waliorudi walikuta ardhi ipo, maji hayapo. Wakaishi kwa maji ya mvua yaliyotuama, matikiti mwitu na mizizi. Hatimaye wakaomba wakifungue kisima kwa gharama zao wenyewe. Someni tena maneno hayo: kwa gharama zao. Hawakuomba hata thebe moja ya serikali. Wakakataliwa, na mwezi Julai 2010 Mahakama Kuu ikaafiki. Maana ya maneno ya jaji ilikuwa kwamba wamejitakia wenyewe kwa kukaa mbali na huduma.

Mtaniambia kwamba hifadhi haina budi kulindwa. Naam. Maji yaliyo chini ya jangwa hayajazwi upesi na mvua, na watumiaji wasipowekewa mipaka watayakausha. Lakini ukitaka kuijua sheria ya mazingira, tazama inamzuia nani. Katika hifadhi hiyohiyo palikuwa na visima vya kunyweshea wanyama. Palikuwa na kambi ya watalii yenye bwawa la kuogelea. Mgodi wa almasi nao ulipewa leseni, ukafunguliwa mwaka 2014. Aliyekatazwa ni mama mwenye dumu lake.

Tarehe 27 Januari 2011 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu ile. Majaji walirejea Sheria ya Maji ya Botswana yenyewe, ambayo inamruhusu mkaaji halali wa ardhi kuchimba kisima kwa matumizi ya nyumbani bila kuomba kibali cha maji. Wakaona pia kwamba kuwazuilia watu maji namna ile ni kuwatendea isivyo utu, jambo ambalo Katiba inalikataza. Walitaja azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 28 Julai 2010 linaloyatambua maji kuwa haki ya binadamu. (Kenya na Tanzania zilijizuia kulipigia kura, nawaachia walimu wenzangu wa huko walieleze.)

Hapa msamiati nao una kesi ya kujibu. Katika insha zenu nasoma mara kwa mara kwamba serikali "iliwapa wananchi haki ya maji", nami hulikata neno "iliwapa" kwa wino mwekundu. Serikali hutoa kibali, hutoa huduma. Haki huitambua tu, au huikanyaga.

Wala msidhani hizi ni habari za mbali. Sheria yetu ya Maji hapa Uganda inamruhusu aliye penye chanzo cha asili kukitumia kwa mahitaji ya nyumbani, kuzima moto na kumwagilia bustani ya chakula chake. Anayevuta maji kwa pampu ya injini ndiye anayetakiwa kuomba kibali. Mpangilio huo nautetea: adhibitiwe mwenye mashine, aachwe mwenye mtungi. Lakini kifungu hicho kinamfaa aliye karibu na chemchemi. Huko Karamoja, ambako mito hukauka kiangazi na watu hutegemea visima virefu, ruhusa ya kuteka haileti maji pampu inapoharibika. Hukumu ya Botswana ina upungufu huohuo, kwani iliwaruhusu wakazi kukifungua kisima kwa fedha zao, haikuilazimisha serikali kuwapelekea hata tone.

Katika mdahalo ujao, aliyetoa hoja ya kuhama atawatetea wakazi wa Mothomelo. Nitampa dakika tano, na kengele nitaishika mwenyewe.