Ndege ya Nchi Isiyokuwako

Katika shule zetu nyingi za sekondari umejengeka mtindo wa kuihesabu kazi ya mikono kuwa ni burudani ya saa za jioni, na kuuhesabu ubunifu kuwa ni mali ya somo la fasihi peke yake. Kwa mujibu wa mtindo huo, sayansi hubakia kuwa somo la mambo yaliyokwisha kuthibitishwa na watu wengine, ambayo mwanafunzi huyapokea, huyakariri, kisha huyarudisha siku ya mtihani. Madhumuni ya makala haya ni kuupinga mtindo huo kwa mfano mmoja ambao huenda ukamshangaza msomaji. Nao ni kielelezo cha ndege kilichochongwa kwa skeli, kikapakwa alama za taifa ambalo halijapata kuwako.

Yafaa nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya Kisarawe. Kutoka katika vilima vya wilaya hiyo ndege zinazotumia uwanja wa Dar es Salaam huonekana vizuri, na vijana wetu walikuwa wakizitambua kwa umbo kabla hata hawajazisikia mlio. Niliwaagiza wanafunzi wa kidato cha tatu watengeneze kitu chochote kitakachoonyesha matumizi ya uwiano. Kijana mmoja aliniletea ndege aina ya Fokker F27, iliyochongwa kwa mti wa msufi na kulainishwa kwa msasa hata ikang'aa. Mabawa yake yalikaa juu ya kiwiliwili, kama inavyostahili, na injini zake mbili zilikuwa mahali pake. Lakini ubavuni aliandika maneno "Shirikisho la Afrika Mashariki", na karibu na mkia aliweka herufi za usajili zilizoanza na AM. Nilimrudishia kazi yake bila alama hata moja, nikaandika kwa wino mwekundu: "Hakuna nchi hii." Aliichukua ndege yake, wala hakuleta kielelezo kingine mpaka alipomaliza shule.

Leo naamini kwamba nilikosea mara mbili. Kwanza, sikupima hata ubawa mmoja. Kazi ilihusu uwiano, nami niliihukumu kwa rangi yake. Pili, ile alama niliyoiona kuwa ni upuuzi ndiyo iliyokuwa na mafunzo mengi zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kielelezo kile.

Shirikisho alilolibuni kijana yule halikutoka hewani. Mwaka 1960 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa tayari kuuchelewesha Uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziupate pamoja na kuungana. Tarehe 5 Juni, 1963, Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitoa tamko mjini Nairobi kwamba walikusudia kuunda shirikisho la kisiasa kabla mwaka ule haujaisha. Mwaka ukaisha bila shirikisho. Hata hivyo, angani palikuwa na kitu kilicholikaribia. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, liliendelea kuwa mali ya pamoja ya nchi tatu hadi lilipovunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya yenyewe.

Sasa tuzitazame zile herufi. Katika miaka ya 1960 shirika hilo lilinunua ndege kubwa za Super VC10. Zote zilibeba jina moja na rangi moja, lakini mojawapo iliandikwa 5X-UVA, nyingine 5H-MMT, na nyingine 5Y-ADA. Yaani ya kwanza ilisajiliwa Uganda, ya pili Tanzania, ya tatu Kenya. Sababu yake imo katika Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosema kwamba ndege huwa na uraia wa nchi iliyoisajili, na kwamba haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Shirika lilikuwa la wote, lakini kila ndege ilikuwa raia wa nchi moja tu.

Je, shirikisho lingekuwapo, ndege zake zingeandikwa herufi gani? Hili ni swali la kubuni, lakini jibu lake haliwezi kubuniwa ovyo. Herufi za ndege hutokana na mafungu ya ishara za redio yaliyogawiwa nchi zote kwa makubaliano ya kimataifa. Mwanafunzi wangu alichagua AM kwa sababu ndizo herufi za mwanzo za maneno Afrika Mashariki. Kumbe AM imo katika fungu la Hispania! Na mwingine akichagua 5E, kwa kufuata jina la Kiingereza la sehemu yetu hii ya Afrika, atajikuta ameingia katika fungu la Moroko. Lakini akiendelea kutafuta, atagundua kwamba Tanzania ilipewa 5H pamoja na 5I, na Kenya ilipewa 5Y pamoja na 5Z, ilhali ndege za nchi hizi hutumia 5H na 5Y tu. Basi 5I au 5Z ingeweza kulifaa shirikisho bila kumnyang'anya mtu chochote. Atakumbuka pia kwamba herufi hubadilika dola inapobadilika, kwani kabla ya Uhuru ndege za Tanganyika ziliandikwa VR-T.

Naomba msomaji aizingatie njia hii. Mwanafunzi amebuni jambo moja tu, kwamba tamko la 1963 lilitimizwa. Baada ya hapo kila hatua imemlazimisha kutafuta ukweli. Amesoma historia, amesoma sheria ya usafiri wa anga, amekosea, amesahihishwa na ushahidi, na amepata jibu ambalo anaweza kulitetea mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo njia ya mwanasayansi anayesema, "Tuchukulie kwamba hali ni hivi, je, lazima lifuate nini?" Mwanafunzi anayenakili picha iliyoko juu ya kasha la kielelezo kutoka ng'ambo hana haja ya kuuliza swali hata moja.

Upande wa hesabu ni hivyo hivyo. Ndege ya F27 ina upana wa mita 29 toka ncha ya ubawa mmoja hadi ncha ya mwingine. Kwa skeli ya 1:72, ambayo ndiyo iliyozoeleka sana katika kazi hii, upana huo huwa sentimita 40.3. Lakini eneo la mabawa, ambalo ni mita za mraba 70, haligawanywi kwa 72. Hugawanywa kwa 72 mara 72, yaani 5,184, tukapata sentimita za mraba 135. Na ujazo hugawanywa kwa 373,248. Tukichukua kwamba ndege iliyopakia vizuri ina uzito wa kilo 20,000, kielelezo chenye uwiano kamili kingekuwa na gramu 54 tu. Mwanafunzi akichonga kielelezo chake katika kipande kizima cha mninga, kitapita gramu hizo zaidi ya maradufu. Hapo ndipo atakapong'amua jambo ambalo maneno ya mwalimu hayamfikishii, kwamba ndege halisi, ingawa imeundwa kwa metali, ni ganda lenye uwazi ndani yake, na kwa ujazo wake ni nyepesi kuliko mninga.

Atagundua na jambo jingine. Katika ndege halisi kila mita ya mraba ya bawa hubeba kilo zipatazo 286. Katika kielelezo cha gramu 54 kila mita ya mraba ingebeba kilo 4 tu. Mzigo wa bawa umepungua mara 72, sawasawa na skeli yenyewe. Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kipande chepesi cha karatasi huelea kwa mwendo mdogo, na kwa nini ndege kubwa huhitaji njia ndefu ya kurukia.

Wapo walimu wenzangu watakaosema kwamba huu ni mchezo tu. Nawajibu kwamba mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliziomba shule za nchi hiyo zichonge vielelezo vya ndege 500,000, kwa skeli hiyo hiyo ya 1:72, ili askari wafundishwe kuzitambua ndege za adui na za rafiki. Kielelezo kikitazamwa kutoka mita 10, huonekana kwa ukubwa ule ule wa ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Vijana wa shule walifanya kazi hiyo darasani na katika karakana, wala hakuna aliyewaambia kwamba wanacheza.

Wengine watasema kwamba vifaa ni ghali. Hoja hii ina uzito kwa wale wanaofikiri kwamba kielelezo lazima kitoke dukani. Lakini msufi, unaostawi katika mkoa wetu wa Pwani, ni wa jamaa moja na mti wa balsa wa Amerika, ambao wepesi wake umeufanya upendwe na waunda vielelezo duniani kote. Katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, umo udongo mweupe wa kaolini, ambao viwanda vya rangi huutumia kama kijazio. Ukichanganywa na gundi ya seremala, huziba vinyweleo vya mti kabla ya kupaka rangi. Wanga wa muhogo hutoa gundi inayotosha kwa kazi ya karatasi. Kibaha nako, mradi wa elimu ulioanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, na kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, ulikusanya mahali pamoja shule, ufundi, kilimo na afya. Ujirani wa namna hiyo ndio unaohitajika hapa, mwalimu wa fizikia, wa historia na wa ufundi wasaidiane katika kazi moja.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya tatu, kwamba ndege ya kubuni inaweza kuwafundisha vijana ndoto badala ya historia. Naikubali hatari hiyo. Ni rahisi kupaka rangi nzuri mkiani na kusahau kwamba shirikisho halikushindikana kwa bahati mbaya tu. Palikuwa na hofu kuhusu mamlaka na madaraka. Baadaye, katika Jumuiya, palikuwa na mabishano makali kuhusu fedha na mgawanyo wa faida, na baada ya kuvunjika mwaka 1977 ilichukua hadi mwaka 1984 nchi tatu kutia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni. Kwa hiyo nasema kwamba kielelezo cha namna hii kisipokewe peke yake. Kiambatane na ukurasa mmoja wa maandishi, ambamo mwanafunzi ataeleza ni mambo gani yangepaswa kwenda vingine ili ndege yake ipate kuruka. Nani angelipa deni lake? Ingetengenezwa katika karakana ya nchi gani? Alama iliyo mkiani ni ahadi ya kulipa, na kijana anayeelewa hivyo hatadanganywa na rangi.

Wala swali hili si la zamani tu. Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi mwaka 1999, unalitaja shirikisho la kisiasa kuwa ndiyo hatua ya mwisho. Tangu hapo Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia zimejiunga. Kila moja ina herufi zake za ndege. Wanaosoma kidato cha tatu leo ndio watakaoulizwa siku moja kama herufi hizo ziendelee kuwa nyingi au ziwe moja, na kwa masharti gani.

Kwa hiyo natoa rai kwa walimu wa Kibaha, wa Kisarawe na wa kwingineko nchini. Ruhusuni ndege za nchi zisizokuwako, lakini ziwekeeni sheria nne. Mwanafunzi abuni jambo moja tu, na mengine yote yawe ya kweli. Kila kipimo kiwe na hesabu yake iliyoandikwa. Kila alama iwe na sababu inayoweza kuchunguzwa. Na kabla mwalimu hajatoa alama, mwanafunzi mwingine apewe kazi hiyo aitafute kosa. Na nyinyi vijana, msingoje mwalimu awaagize. Tafuteni tawi kavu la msufi, rula, tupa na msasa, chagueni ndege mnayoiona ikipita juu yenu, kisha anzeni na hesabu kabla ya rangi.

Yule kijana wa Kisarawe sijui aliko sasa. Kama angenirudishia leo ndege yake, ningempa kwanza alama za uwiano alizostahili. Kisha ningemketisha chini nimwulize zile herufi AM alizipata wapi, na tungeanza somo hapo.