Mistari ya Bakodi Ikaguliwe Kabla ya Sahihi

Katika Ntinda, mtaa wa Kampala ambako nyumba za kuishi zimepakana na viwanda, si jambo geni kwa mama kusaga karanga uani mwake huku akiwaza rafu za duka kubwa lililo ng'ambo ya barabara. Na ichukuliwe kwamba mama wa namna hiyo amekubaliwa kuleta makopo yake ya siagi ya karanga, kwa sharti kwamba kila kopo liwe na bakodi, yaani ile mistari myeusi yenye namba chini yake. Analipia namba, anapanda taksi hadi Barabara ya Nasser, wanakoshindana wachapaji wa jiji, na baada ya siku mbili analetewa prufu katika simu yake. Jina halina kosa, rangi zinapendeza. Anajibu kwamba ameridhika, na lebo elfu tano zinachapwa.

Siku ya kuleta mzigo keshia analipitisha kopo mbele ya skana mara moja, mara mbili, analifuta kwa kiganja, analipitisha tena. “Nyabo, haisomi.” Makopo yanarudi nyumbani kwa bodaboda. Mchapaji naye hadaiwi kitu, kwa kuwa prufu ilikwisha kubaliwa na mwenye mali.

Yafaa ieleweke kwamba prufu ya dijitali ni shahidi mzuri wa maneno na picha, lakini kuhusu bakodi ni shahidi dhaifu. Katika kioo cha simu picha hukuzwa au hupunguzwa kwa kidole, na ikitumwa mara kadhaa kwa simu kingo za mistari hufifia. Hata ikitolewa kwenye karatasi, printa ya ofisini huweza kuipunguza ili ienee ukurasani bila mtu kutambua. Basi chombo cha kwanza cha mama huyo ni rula ya mtoto wa shule. Bakodi ya tarakimu 13, katika ukubwa wake kamili, ina upana wa milimita 37.29 pamoja na nafasi tupu za pembeni, na kimo cha milimita 25.93. Huruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani upana wa karibu milimita 30, wala si chini ya hapo. Nafasi tupu hizo ndizo wasanifu wengi huzionea, wakazijaza maua au fremu. Katika ukubwa kamili, kushoto hutakiwa milimita 3.63 na kulia 2.31, zikivamiwa, skana haijui mistari inaanzia wapi.

Baada ya rula, namba. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi wa zile 12 zilizotangulia, na hesabu yake yaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule ya msingi. Kwa mfano, katika 605123456789, tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo zikijumlishwa hupatikana 31. Zile za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea zikijumlishwa ni 25, nazo huzidishwa kwa tatu, zikawa 75. Jumla ni 106. Ili kufika 110 zinahitajika 4, kwa hiyo tarakimu ya 13 ni 4. Prufu ikionyesha nyingine, kuna aliyekosea kuandika. (Wako wanaodhani tarakimu za mwanzo hutaja nchi bidhaa ilikotengenezwa. Sivyo: 605 ya Uganda, 616 ya Kenya na 620 ya Tanzania huonyesha tu namba ilitolewa na ofisi ya nchi gani.)

Rangi ndiyo mtego mkubwa zaidi. Skana nyingi za kaunta hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe huonekana nyeupe tupu. Kamera ya simu haina udhaifu huo. Ndiyo maana mama hujaribu prufu kwa simu, ikasomeka vizuri, kisha dukani ikakataa. Mistari myeusi au ya buluu iliyokoza haina shida. Nyekundu, ya machungwa na ya dhahabu ziachwe.

Lakini siagi ya karanga ina hila yake ya pekee. Prufu hutolewa kwenye karatasi nyeupe, ilhali lebo yenyewe mara nyingi ni ya plastiki inayopitisha mwanga, nayo hubandikwa juu ya kopo linaloonyesha ndani. Kopo likijazwa, nyuma ya mistari myeusi hakuna tena weupe. Kuna karanga za rangi ya udongo. Mchapaji aambiwe mapema atie wino mweupe chini ya bakodi, na agizo hilo liandikwe juu ya prufu. Ikiwa kopo ni jembamba, mistari ilazwe kama vidato vya ngazi, isije ikapinda na kupotea ubavuni.

Hata hayo yote yakitimia, mashine kubwa ya kuchapa huwa na tabia yake: wino hutanuka kidogo, mistari ikanenepa na nafasi zikabanwa. Prufu ya kompyuta haiwezi kulionyesha hilo. Kwa sababu hiyo sahihi isihusu prufu pekee. Mama aombe karatasi ya kwanza itokayo mashinini kabla kazi haijaendelea, akate lebo moja, aibandike kwenye kopo lililojaa, kisha aende Ntinda saa za asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, amwombe keshia alipitishe mara kumi. Skana italia hata kama duka bado halijaiandika bidhaa hiyo katika kompyuta yake. Muhimu ni kwamba namba itakayotokea iwe ile ile iliyo chini ya mistari, kuanzia tarakimu ya kwanza hadi ya 13.