Kumtambua Bakteria: Kazi Isiyopaswa Kuachiwa Miji Mikubwa

Tura, kituo cha reli ya kati kilichoko mashariki ya Tabora, ni jina la kale katika historia ya safari za bara. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kuweka mzigo chini. Na ajuaye neno la Kiswahili kutua ataona mara moja udugu wa lugha hizo. Misafara iliyotoka pwani na ile iliyorudi kutoka Unyanyembe ilipumzika hapo mpakani mwa Unyamwezi. Wapagazi walitua vitambaa, ushanga, waya na pembe za ndovu.

Lakini msafiri huchukua pia mzigo asiouona. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu juu ya magonjwa ya kipindupindu katika Afrika Mashariki, akionyesha kwamba njia za biashara na za hija ndizo pia njia za maradhi. Christie aliweza kufuatia nyayo za ugonjwa, ila hakuweza kumtaja mwenye nyayo. Filippo Pacini wa Italia alikuwa amekwisha kumwona bakteria wa kipindupindu kwa hadubini mwaka 1854, lakini hakusikilizwa. Ilikuwa hadi mwaka 1884 ndipo Robert Koch alipomwotesha peke yake katika maabara.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni moja. Ujuzi wa kumtambua bakteria kwa majaribio ya kikemia ni wa gharama ndogo, umekwisha kuthibitishwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na haupaswi kuwa mali ya hospitali za miji mikubwa peke yake. Mgonjwa wa Tura anauhitaji sawasawa na mgonjwa wa Dar es Salaam.

Kwanza ni vema kueleza kwa nini hadubini haitoshi. Mwaka 1884 Christian Gram wa Denmark alivumbua njia ya kuwatia bakteria rangi, na tangu hapo wanagawanywa katika makundi mawili makubwa: wanaobaki na rangi ya zambarau na wanaogeuka wekundu. Hatua hiyo ni ya lazima, lakini ni mwanzo tu. Bakteria wa homa ya matumbo, bakteria wa kuhara damu na yule aishiye kwa amani katika utumbo wa kila mtu, wote huonekana kama vijiti vifupi vyekundu. Kuwatenganisha kwa sura ni sawa na kutaka kutenganisha chumvi na sukari kwa macho. Ndipo wataalamu walipoacha kumwuliza bakteria ana sura gani, wakaanza kumwuliza anakula nini, na akiisha kula anaacha nini.

Kila bakteria ana vimeng'enya vyake, na kimeng'enya kinapofanya kazi huacha alama: asidi, alkali, gesi, au rangi. Mtaalamu akidondosha haidrojeni peroksidi juu ya bakteria wa jamii ya stafilokoka, povu hutoka papo hapo, kwa sababu kimeng'enya cha katalasi hutoa oksijeni. Bakteria wa jamii ya streptokoka hawatoi povu. Akiwatia stafilokoka katika utegili wa damu ya sungura na ukaganda, amekwisha kumpata yule hatari aletaye majipu na sumu ya damu.

Kwa vile vijiti vyekundu vya tumboni, swali la kwanza ni la sukari ya maziwa, yaani laktosi. Bakteria wa kawaida wa utumbo huila laktosi na kutoa asidi, na makundi yake hugeuka ya waridi juu ya agari yenye kiashirio. Bakteria wa homa ya matumbo haili, naye huota bila rangi. Lakini wapo wengine wasioila laktosi, kama Protiasi, ambaye husababisha maradhi ya njia ya mkojo. Basi huulizwa swali la pili: je, anaivunja urea? Protiasi huivunja kwa haraka na kutoa amonia, na chombo kikageuka rangi ya waridi iliyokoza. Wa homa ya matumbo haivunji. Bakteria wa kipindupindu naye hujitenga na hao wote kwa jaribio la oksidasi. Akipakwa juu ya karatasi yenye dawa maalumu, karatasi hugeuka zambarau iliyokoza katika muda wa sekunde chache, hali bakteria wa homa ya matumbo na wa kuhara damu hawaigeuzi. Tena huila sukari ya miwa, na makundi yake huwa ya manjano. Jibu moja halitoshi kutoa hukumu. Ni majibu mengi yakisomwa kwa pamoja, kama mashahidi barazani, yanayomfikisha mtaalamu kwenye jina.

Nguvu ya njia hii ilionekana katika historia ya kipindupindu chenyewe. Mwaka 1905, katika kituo cha karantini cha El Tor, rasi ya Sinai, daktari Gotschlich aliotesha bakteria kutoka kwa mahujaji waliofariki. Bakteria huyo alifanana na yule wa Koch kwa sura, lakini aliweza kuvunja chembe nyekundu za damu, jambo ambalo yule wa zamani hakuliweza. Baadaye jaribio jingine la kikemia, liitwalo kwa majina ya Voges na Proskauer, lilizidi kuwatenganisha. Kwa muda mrefu wengi waliona tofauti hiyo kuwa ni ya vitabuni. Ndipo mwaka 1961 aina hiyo ya El Tor ilipotoka Indonesia, ikaingia Afrika mwaka 1970, na baada ya miaka michache ikaisumbua Tanzania. Mwaka 2015 ilileta tena msiba katika mikoa mingi ya nchi.

Hasara ya kutomjua bakteria ni kubwa hata pasipo na mlipuko. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008, ukachapishwa mwaka 2013, uliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliwahesabu 528 kuwa ni wa malaria. Maabara ilipochunguza kwa makini, malaria ilikuwa sababu ya homa kwa wagonjwa 14 tu, hali wagonjwa 85 walikuwa na bakteria katika damu. Tabora ina malaria nyingi kuliko Moshi, na hesabu hizo haziwezi kuhamishwa jinsi zilivyo. Funzo lake, hata hivyo, linahama: homa haina jina lililoandikwa usoni.

Vipimo vya haraka vya malaria vimeleta nafuu kubwa, lakini vimeleta pia swali jipya: mgonjwa asipokutwa na malaria, ana nini? Mara nyingi hujibiwa kwa kipimo cha Widal, kilichoanzishwa mwaka 1896. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria. Hutafuta kinga ambazo mwili umezitengeneza, na kinga hizo huweza kuwa za ugonjwa wa zamani au za bakteria mwingine wa jamii hiyo. Mtu huambiwa ana homa ya matumbo, hununua viuavijasumu, humeza nusu, na nyingine huziweka kabatini. Kwa njia hiyo bakteria hufundishwa kuzishinda dawa, na siku itakapokuja homa ya matumbo ya kweli, dawa haitafanya kazi.

Wapo watakaosema kwamba majaribio haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kuna mashine zinazomtambua bakteria kwa dakika chache kwa kupima protini zake, na nyingine zinazosoma urithi wake wote. Ni kweli, na ni haki kukiri kwamba mashine hizo huona mambo ambayo sukari na rangi haziwezi kuyaona. Lakini mashine ya protini kwa kawaida hungoja bakteria aoteshwe kwanza, huhitaji umeme usiokatika na fundi wa kuitengeneza. Ikiharibika, maabara isiyo na watu wajuao majaribio ya msingi hubaki kimya.

Wengine watasema kwamba majaribio huchukua siku mbili au tatu, na mgonjwa hawezi kungoja. Hapana anayemtaka angoje. Mgonjwa wa kipindupindu apewe maji yenye chumvi na sukari saa ile ile. Mwenye homa kali aanzishiwe dawa. Linalotakiwa ni sampuli kuchukuliwa kabla ya dawa, ili jibu likija daktari aweze kubadili tiba, na kijiji kijue kama kisima chake kina hatari. Si lazima kila zahanati ioteshe bakteria. Zahanati iwe na chupa yenye chakula maalumu cha kuhifadhia sampuli ya choo, na iwe na utaratibu wa kuifikisha Tabora na wa kurudishiwa jibu. Hospitali ya mkoa nayo iwe na agari, sukari, vitendanishi na mafundi wasiopungukiwa navyo katikati ya mwaka.

Mafundi hao watatoka katika shule za sekondari, na hapa waalimu wana sehemu yao. Haifai kamwe kuotesha bakteria wasiojulikana darasani. Lakini kanuni yenyewe yaweza kufundishwa kwa hamira. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa yatiwe katika chupa mbili, hamira kijiko kimoja katika kila moja, na sukari ya mezani katika chupa moja tu. Kisha kila mdomo ufungwe kwa puto. Puto la chupa yenye sukari litavimba. La pili halitavimba hivyo, kwa sababu hamira ya mkate haina kimeng'enya cha kuvunja laktosi. Mwanafunzi akiisha kuona hayo na kueleza sababu yake, ameshika ufunguo wa jaribio lile lile ambalo mtaalamu hulitumia kumtenga bakteria wa homa ya matumbo. Kipande cha ini kikidondoshewa haidrojeni peroksidi kitamwonyesha katalasi.

Serikali na wafadhili hupenda kuzindua majengo na mashine, kwa kuwa huonekana. Chupa ya kitendanishi haizinduliwi na mtu. Hata hivyo ni chupa hiyo, mikononi mwa fundi aliyefundishwa vema, itakayoamua kama mgonjwa wa Tura atatibiwa ugonjwa alio nao, au ule aliokisiwa kuwa nao.