Shakwe si "Aina ya Ndege"

Yamezagaa katika madarasa ya visiwani mazoea ambayo wapenzi wa lugha hawana budi kuyapinga. Mwalimu huingia na hadithi ya ndege wa baharini, na kabla mtoto hajaonja sentensi ya kwanza, ubao umeshajaa "msamiati mpya": shakwe, aina ya ndege, membe, aina ya ndege, buabua, aina ya ndege, sululu, aina ya ndege. Watoto hunakili, hukariri, hujibu mtihani. Hadithi yenyewe husomwa mbiombio, kana kwamba orodha ndiyo somo.

Huko si kufundisha maneno, ni kuyazika. Majina manne yaliyopewa maana moja hayana sababu ya kuwa manne, na mtoto atabakiza moja tu: ndege. Wazee waliotenga sululu na buabua hawakuwa wakitafuta pambo. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda, hutembea ufukweni maji yakipwa akichokoa kaa. Buabua hujitupa kutoka angani na kudaka dagaa, na penye kundi lake mvuvi hujua pana samaki. Mvuvi asiyewatofautisha wawili hao angetweka tanga kufuata kaa wa matopeni.

Neno huingia moyoni pamoja na kitendo chake. Ichukuliwe hadithi ya buabua wa mgongo mweusi na tumbo jeupe huko Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kilicho bahari kuu, kusini-mashariki ya Unguja. Hutaga yai moja juu ya ardhi tupu. Mume na mke hupokezana kuliatamia na kulikinga na jua. Kinda huanguliwa, huota mbawa, kisha hupuruka na kukaa miaka baharini kabla ya kurejea nchi kavu. Mtoto anayengoja kwa hamu kujua kama kinda ataruka hana haja ya kutafsiriwa kupuruka, ameshakuona. Hapo ndipo aulizwe, naye ajibu kwa sentensi yake mwenyewe.

Watetezi wa orodha watasema kwamba darasa limefurika na muhula ni mfupi. Ni kweli. Lakini hadithi haidai kitabu kwa kila mtoto, yadai kinywa cha mwalimu. Na neno linalosahauliwa siku ya pili ya mtihani ndilo lililopoteza muda. Watasema pia kwamba majina ya ndege hutofautiana baina ya Unguja, Pemba na Lamu. Basi mtoto atumwe diko akawaulize wavuvi, arudi na jina na sababu yake. Kiswahili sanifu chenyewe, kilichosimamiwa na kamati tangu 1930, kilijengwa juu ya Kiunguja, yaani juu ya vinywa vya watu kama hao.

Kilicho hatarini si alama za mtihani. Malenga atungaye juu ya bahari huweka shakwe mahali pake na membe mahali pake. Msomaji ambaye kwake wote ni ndege tu atapata vina na mizani, maana imkimbie. Orodha na ifutwe ubaoni kabla ya hadithi, irudi baada yake, ikiandikwa na watoto wenyewe.